Dhahabu ya Rhobi na Hesabu za Mwalimu Joram

Rhobi Heche alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu, alipoleta Kewanja dhahabu ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuishika. Kijiji kiko ubavuni mwa mgodi, na kwa watu wengi dhahabu ni mngurumo wa malori tu. Hii ya Rhobi ilikuwa medali ya bati lililopakwa rangi, lakini ilipita mikononi mwa kila mtu, hata mwa wale waliowahi kumwambia mama yake, Boke, kwamba msichana wa kurukaruka namna ile atakosa mume.

Alikuwa ameruka juu mita moja na sentimita sitini na mbili, akawashinda wasichana wa sekondari wa nchi nzima. Aliruka kwa mtindo wa mkasi, mguu mmoja ukifuata mwingine, kwa sababu shuleni kwao mrukaji alitua kwenye mchanga, na anayetua mchangani kwa mgongo huruka mara moja tu maishani.

Pale stendi ya Tarime bodaboda walimpokea kwa honi. Diwani mmoja alipanda juu ya meza ya muuza nyanya, akaahidi kwamba shule itapata godoro la kurukia kabla ya masika. Hakutaja masika ya mwaka gani, na katika furaha ile hakuna aliyekuwa na roho mbaya ya kumuuliza.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mwalimu Joram. Yeye alifundisha jiografia, na utaalamu wa kuruka juu aliupata kwenye semina ya siku mbili, ambayo siku yake ya pili ilikuwa ya kugawa vyeti. Jumatatu aliingia darasani, akafuta ramani ya mito ya Afrika, akaandika namba ubaoni.

"Kidato cha pili Rhobi aliruka mita moja na hamsini na mbili. Mwaka huu sitini na mbili. Kwa hiyo kila mwaka anaongeza ngapi?"

"Kumi!" darasa likaitikia.

"Baada ya miaka mitano atakuwa wapi?"

"Mita mbili na kumi na mbili!"

"Olimpiki," alisema Mwalimu, akapigia mstari mara mbili.

Hakuna mwanamke duniani aliyekuwa ameruka urefu huo, lakini jambo hilo halikumsumbua Mwalimu, maana hakulijua. Rhobi alikuwa kwenye dawati la nyuma kabisa, ambako miguu yake mirefu ilipata pa kukaa. Aliiendeleza hesabu kwenye daftari lake, akaona kwamba akifika miaka thelathini atakuwa anaruka paa la maabara. Alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na saba, akaamini.

Bwana mmoja wa riadha kutoka Dar alikuwa amechukua namba yake. "Simu isizimwe," alimwagiza. "Tutakuita kambini wakati wowote." Rhobi hakuizima. Kila jioni aliipeleka dukani kuchajiwa, na kanisani aliificha chini ya kitenge, ikiwa wazi. Ilipigwa mara nyingi sana. Walipiga shangazi, walipiga watu waliokosea namba, alipiga kijana mmoja wa Sirari aliyetaka kujua kama mtu mrefu hivyo anakula ugali kiasi gani.

Kidato cha nne aliruka mita moja na sitini kamili. "Ni presha," alisema Mwalimu Joram. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda kwenye majaribio ya vijana, na huko ndiko alikokutana na godoro halisi, nene kama kitanda cha harusi. Wenzake waliupita ufito kwa mgongo, wamejikunja kama samaki. Yeye akaja na mkasi wake, akaishia hamsini na tano. Kocha mmoja alimkalisha kando, akaongea naye kwa huruma, kama karani wa basi anayemwambia abiria kwamba gari limeshaondoka.

"Binti, wewe ulikomaa mapema. Ulikuwa mrefu kabla ya wenzako. Sasa wamekufikia."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Shule," alisema kocha. "Shule ni muhimu."

Aliporudi hapakuwa na honi. Watu waliokuwa wamegundua undugu naye ndani ya wiki moja waliuacha undugu huo kwa kasi ileile, na mchanga wa shule ulikuwa bado unalisubiri godoro lake. Mwalimu Joram alikuwa amepata msichana wa kurusha tufe, mwenye mabega mazuri, na ubao ulikuwa umejaa namba mpya. Kufikia miaka ishirini na tano, yule binti angetupa tufe hadi Kenya.

Rhobi alisoma chuo cha mifugo miaka miwili, akapata kazi mjini Tarime kwenye duka la dawa za mifugo la Mzee Ezra. Alikuwa mfanyakazi mzuri, tena hakuhitaji ngazi kufikia rafu ya juu. Hicho ndicho kilichobaki cha kipaji chake, na Mzee Ezra alikithamini. Wateja nao hawakumwacha asahau.

"Si wewe yule wa Olimpiki?"

"Shikamoo baba. Ndiye mimi."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Nauza dawa ya kupe. Nikupe ya lita moja?"

Siku moja ya mnada aliingia msichana mwenye mabega yaliyonyooka, akaomba dawa ya kuogeshea ng'ombe wa baba yake. Akamtazama Rhobi, akatabasamu.

"Hunikumbuki. Mimi ni Christina, wa Busawe. Kwenye mashindano ya mkoa ulikuwa wa kwanza, mimi nikawa wa mwisho."

Rhobi akakumbuka, na masikio yakamchoma. Alikumbuka msichana mfupi aliyeugonga ufito kwa kifua pale kwenye mita moja na arobaini, ukadondoka naye. Uwanja mzima ulicheka. Rhobi alikuwa amecheka kuliko wote.

"Umekuwa mrefu," alisema.

"Nilikua baada ya kumaliza shule, wakati hakuna anayeangalia."

"Bado unaruka?"

"Sitini na tano."

Rhobi aliweka chupa ya dawa mezani polepole. "Mita moja na sitini na tano? Wewe?"

"Mimi," alisema Christina, bila kukasirika hata kidogo. "Njoo Jumapili uone."

Rhobi alijiambia kwamba hataenda. Jumapili, ibada ilipokwisha, alipanda bodaboda, akavuka Mto Mara. Kina Christina ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili kwao ni siku ya kazi kama nyingine. Nyuma ya zizi kaka yake Sadock, fundi wa kuchomelea, alikuwa amesimamisha nguzo mbili za chuma. Mahali pa kutua palikuwa na magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, yakafungwa pamoja kwa nyavu kuukuu za samaki. Hapakuwa na mwalimu. Christina alijifunza mtindo wa mgongo kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akizirudia hadi Sadock akaanza kulalamika kuhusu bando.

Aliruka mbele ya Rhobi. Alikuja mbio kwa kupinda, akageuka, mgongo ukapita juu ya ufito, magunia yakapiga kishindo na kuku wakatawanyika. Rhobi, bingwa wa taifa, alijaribu baada yake akatua kwa shingo.

"Unaogopa kuupa ufito mgongo," Christina alimwambia.

"Siogopi."

"Basi rudia."

Alirudia Jumapili zaidi ya arobaini. Mama yake alimuuliza kama huko Busawe kuna mchumba. Rhobi alijibu kwamba kuna magunia, na Boke akatafakari ni ukoo gani huo.

Alikuwa na miaka ishirini na minne walipokwenda Mwanza kwenye mashindano ya wazi ya Kanda ya Ziwa. Mtangazaji alimtambulisha kama "bingwa wa zamani", kwa sauti ya mtu anayeomba wazee wapishwe viti. Rhobi aliwatafuta wale wasichana saba aliowashinda kwenye fainali ya shule za nchi nzima. Hakuona hata mmoja. Baadaye alisikia kwamba mmoja ni polisi Geita, mmoja ana watoto watatu, na wengine hakuna aliyejua. Wale wote walikuwa tumaini la taifa, kila mmoja kwenye ubao wa mwalimu wake.

Alipita hamsini na tano. Sitini aliipata kwenye jaribio la tatu, ufito ukitetemeka kama unafikiria. Waamuzi wakapandisha hadi sitini na tatu. Mara ya kwanza aliuangusha kwa kisigino. Mara ya pili alikimbia, akaupa mgongo, akasikia kimya. Alipofungua macho akiwa godoroni, ufito ulikuwa bado juu.

Alibaki amelala pale anacheka, machozi yakimwingia masikioni, mpaka mwamuzi akamwambia, "Dada, shuka, wenzako wanasubiri."

Sitini na sita ilimshinda mara zote tatu, akawa wa nne. Christina aliruka sitini na tisa, akashinda, na bwana mmoja mwenye kofia akachukua namba yake ya simu.

"Amekwambia usiizime?" Rhobi alimuuliza.

"Umejuaje?"

"Izime tu ukitaka kulala."

Boke alipiga simu wakiwa ndani ya basi la kurudi.

"Umepata nini, mwanangu?"

"Nimekuwa wa nne, mama. Nimejizidi sentimita moja."

"Moja? Miaka yote hii?"

"Moja, mama."

Boke akauliza kama amekula. Alikuwa hajala. Basi liliposimama Lamadi alinunua samaki wa kukaanga wawili, mmoja wake na mmoja wa Christina, na kuanzia hapo mpaka Bunda wakabishana kama hatua za Rhobi za kuukimbilia ufito ziwe tisa au kumi na moja.