Jiwe Juu ya Laptop

Kazini kwangu, Kisumu mjini, mimi ndiye ninayetunza mitambo iliyochoka. Kompyuta ikifa huletwa kwangu. Naandika nambari yake, natia saini, kisha inakaa stoo hadi mkusanyaji mwenye leseni aje kuichukua. Sheria ndiyo inayotaka hivyo, na mimi naipenda sheria, hasa ninapomsomea mtu mwingine. Niliwahi kumfokea mhasibu mbele ya watu kwa sababu alitupa betri ya simu kwenye pipa la karatasi. Alininunia wiki nzima, nami nikajiona nimefanya kazi ya Mungu.

Ndiyo maana laptop ile naikumbuka kwa aibu. Ilikuwa kwenye orodha ya kuharibiwa, lakini bado ilikuwa inawaka, picha safi, sauti nzuri. Ila pale pa kuchezeshea kidole palikuwa pagumu kubonyeza, na kifuniko cha chini kilikuwa kimeinuka kidogo, unene wa ukucha tu. Nilijua maana yake: betri imeanza kuvimba. Lakini kule Usenge, kando ya ziwa, mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, hatoki kitandani, na alichokililia kuliko dawa ni kwaya ya kanisa lake. Nikajaza fomu kwamba mashine imeharibiwa, nikaitia nyimbo zote za kwaya nilizozipata, nikampelekea. Nilijiambia nitanunua betri nyingine mwisho wa mwezi. Miezi minne ikapita.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa soko la Otonglo nikibishana na muuza nyanya, dada yangu akanipigia simu. Yeye ndiye anayeishi na mama, na kazi yake ni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni na kuianika.

"Owadwa, ndugu yangu, hii laptop yako imenona," akasema huku akicheka. "Imefura tumbo mpaka haifungi. Lakini usijali, nimeitengeneza."

"Umeitengeneza vipi?"

"Nimeiwekea jiwe."

Hapo sikuhitaji maelezo, lakini wewe utayahitaji. Dada yangu huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na upepo wa ziwa ukianza kuziinua, kila pembe huwekewa jiwe. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Kwake yeye, kitu chochote kinachojikunja au kuinuka dawa yake ni jiwe, iwe ni bati, mkeka au kitabu cha nyimbo kilicholowa. Sasa jiwe la kusagia la mama yetu, lile ambalo mtu hulibeba kwa mikono miwili, lilikuwa limekalia betri iliyovimba.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Chini ya kitanda ya mama, huko hakuna mtu ataikanyaga. Tangu jana. Naona imeanza kurudi."

Nilipiga kelele hadi muuza nyanya akarudi nyuma. Nikamwambia dada itashika moto, akimbie nyumbani, aitoe nje, asiimwagie maji. Alikuwa ufuoni akingoja mashua, na nyumba iko huko juu, mwendo wa dakika kumi.

"Yaye!" akasema, na simu ikakatika.

Nikampigia mama. Simu yake hulala kando ya mto, na ule mkono wake mzima huchukua muda kuifikia. Iliita, ikaita.

"Wuoda, mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Mama. Uko na nani?"

"Peke yangu. Kuna harufu humu ndani, tamu tamu, kama ile rangi wasichana wanapaka kwa kucha."

Harufu ile naijua kutoka stoo, ni betri inayovuja. Na mama hawezi hata kujigeuza, sembuse kutoka. Ningemwambia nini? Nikamuuliza habari za kwaya. Akaanza kunieleza wimbo anaoupenda, polepole, kwa ulimi ule mzito, ubeti baada ya ubeti. Nami nimesimama katikati ya nyanya za watu, simu nimeishika kwa mikono miwili, na kila aliyekuwa akicheka pale sokoni nilimchukia.

Kisha nikasikia mlango, na dada akihema, na kitu kizito kikikwaruza sakafu.

"Asiliburute jiwe! Mwambie aliinue!" nikapaza sauti kwenye simu.

"Mbona unagombana?" mama akauliza.

Sijui kama dada alinisikia. Kukwaruza kulikoma. Kukawa na kishindo, karai likagonga mlango, halafu mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa tu, "Amebeba kitu inatoa moshi."

Nilifika Usenge mchana. Karai alilobebea laptop lilikuwa mchangani, mbali na nyavu. Betri ilikuwa imelipuka moto mara tu alipolitua. Wavuvi wawili walitaka kuitupa ziwani, dada akasimama mbele yao akawaambia maji hayo ndiyo tunakunywa. Wakaifukia kwa mchanga mkavu, wakaongeza mwingine, hadi ikanyamaza. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, na hakutaka nikifungue nione.

Nilitegemea anifokee. Ningeshukuru kama angenifokea.

"Hii kitu ukiileta hapa, ulijua iko hivi?"

"Nilijua."

Aliniangalia, kisha akaenda kugeuza omena yake kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu nilirudisha mabaki kazini ndani ya ndoo ya mchanga. Mkubwa wangu akasafisha kipande cha plastiki kwa kidole, akasoma nambari, akafungua faili.

"Hii si iliharibiwa zamani?" akasema. "Saini ni yako."

Nikamweleza yote. Alinipa fomu mpya, akaketi kungoja. Nikaandika aina ya mashine. Nikaandika hali ya betri siku ilipotoka mikononi mwangu, na safari hii niliandika ukweli. Nikafika pale panapouliza mahali mashine ilipohifadhiwa ikingoja kuharibiwa. Kalamu ikasimama. Mhasibu yule niliyemfokea alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

Nikaandika: chini ya kitanda cha mama yangu.