Mama na Shikamoo za Ukoo Mzima

Simu ile tulimnunulia mama sisi wenyewe, kwa mapenzi yetu, kwa hiyo lawama sina wa kumpelekea. Tangu baba afariki alikuwa peke yake kijijini Mazingara, nasi wanawe tumetawanyika, mimi nikiwa Korogwe ninakofundisha shule ya msingi. Tukamwingiza kwenye kundi la ukoo la mtandaoni ili aone sura za wajukuu, tukamfundisha kubonyeza na kurekodi sauti, kisha tukaondoka tukijisifu kwamba upweke tumeukomesha.

Tulisahau kwamba mama ana adabu zake. Mdogo akikuamkia humwachi hewani. Kwake yeye, kutoitikia shikamoo ni kumnyima mtoto baraka, tena mbele za watu. Na kundi la ukoo kila alfajiri huamka na shikamoo: wajukuu wa Dar, wakwe wa Lushoto, shangazi wadogo wa Misima, na vijana ambao hata mimi sijui wametuingilia kwa mlango gani. Mama akawaitikia wote. Mmoja mmoja, kwa sauti. Wala si marahaba tupu: umeamkaje, watoto wameamkaje, huko mvua imenyesha? Halafu anangoja jibu.

Majibu yenyewe ndiyo hayo ya vijana wa siku hizi.

"Nimemuuliza mtu kama mke wake amejifungua salama," alinilalamikia siku moja, "ananionyesha dole gumba! Dole gumba ndiyo mtoto wa kike au wa kiume?"

Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakageuka. Likizo ilipofika nilikuwa bado nacheka. Nikanunua machungwa pale Segera, nikafika nyumbani na mfuko wangu, na kicheko kikaishia mlangoni.

Mama alikuwa amekonda. Amekaa kwenye kigoda, simu mkononi, maharage yanaungua jikoni naye hasikii harufu. Aliniambia usingizi umempotea na moyo unamwenda mbio. Alikwenda zahanati, wakampima, presha imepanda. Muuguzi akamuuliza, "Mama, una mawazo gani?"

"Nikamwambia sina mawazo," mama akasema. "Nina salamu."

Kilichomla zaidi ni wale wanaosoma wakanyamaza. Mtoto wa kaka yake ni dereva wa lori. Alikuwa amesoma ujumbe wake tangu juzi, kimya. "Nimemkosea nini?" mama aliniuliza, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Mtu mwenyewe huenda alikuwa kwenye usukani anapanda milima. Mama hakuliona lori. Aliona tiki mbili za bluu, akajihukumu. Na katikati ya salamu hizo zilipita picha za keki za harusi na nyumba za mabati ya rangi, naye akaanza kuutazama ukuta wake kwa aibu, ukuta ambao baba aliujenga.

Asubuhi yake akanitengea chai ya rangi. Katika maisha yangu sikuwahi kunywa chai ya rangi kwa mama. Maziwa yetu huletwa na mama mmoja wa Kimaasai, boma lao liko ng'ambo ya mashamba, na sote tunamwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Tangu nikiwa mdogo alikuja kila asubuhi na kibuyu chake. "Takwenya!" mama humsalimia kwa Kimaasai. "Iko!" yeye huitikia. Kisha hukaa chini wakazungumza ng'ombe, magoti na wake za watoto wao, mpaka jua liwafukuze kizingitini.

"Yeyo yuko wapi?" nikauliza.

"Haji siku hizi."

"Anaumwa?"

Mama akafikiri. "Sijui. Hayumo kwenye kundi."

Hasira zangu ziko karibu, na asubuhi ile hazikungoja kubishiwa hodi. "Mama, mimi darasani nina watoto wamejaa mpaka dirishani. Wanasimama, wananiamkia kwa pamoja, naitikia mara moja, wanakaa. Ningemwitikia mmoja mmoja, hata kuhesabu wasingejua!"

"Hao unawaona," alisema kwa ukali.

"Na yeyo ulikuwa unamwona."

Mama akaifunika simu kifudifudi mezani, akajifunga khanga, akachukua mfuko wa sukari, akatoka. Nikamfuata nyuma, nikiogopa kwamba nimevuka mpaka.

Tulimkuta yeyo anakandika ukuta wa nyumba yake kwa kinyesi cha ng'ombe, mikono imejaa hadi viwikoni.

"Takwenya," mama akasema.

Yeyo akaendelea kukandika.

"Takwenya," mama akarudia, sauti imepungua.

Yeyo akainua kiganja bila kugeuka. "Subiri."

Tukasubiri. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nilimwona mama anabadilisha mguu, anashika mfuko wake wa sukari kwa mikono miwili, na nikamwonea huruma. Ndipo yeyo akageuka.

"Hivyo ndivyo ulivyonifanya. Nimesimama na maziwa yako, nakusalimia, wewe unaniinulia mkono kama askari wa barabarani, unazungumza na hicho kidude. Nikasubiri mpaka miguu ikachoka."

"Nisamehe, mwenzangu," mama akasema. "Wale niliogopa watanuna. Wewe nilijua upo tu."

"Nilikuwepo," alisema yeyo. "Nikaondoka." Akamtazama mama juu mpaka chini, akauona ule wembamba. "Iko," akaitikia mwishowe. "Weka sukari ndani, uje ushike upande ule. Peke yangu simalizi leo."

Mama akapandisha khanga, akakandika. Mimi msomi nilipewa kazi ya kuchota maji.

Kesho yake maziwa yalikuja, na kundi la ukoo likapata ujumbe mmoja wa sauti: "Wanangu, mimi nimeamka. Shikamoo zenu zote nimezipokea, marahaba nyote. Aliyekaa kimya simdai neno, najua ana kazi. Mwenye shida apige. Mwenye picha ya chakula, ale kwanza. Sasa nina mazungumzo." Tangu hapo ikawa hivyo kila asubuhi. Ukoo haukununa. Wiki chache baadaye muuguzi alimpima tena, akakuta presha imeshuka, akamwambia aendelee na hiyo dawa anayokunywa. Mama hakumsahihisha.

Aliyenuna nilikuwa mimi. Shule zilipofunguliwa nilimtumia shikamoo yangu kutoka Korogwe, nikaona amesoma, kimya. Nikawa nachungulia simu kati ya kipindi na kipindi. Mimi, binti yake wa kumzaa, nimefungwa kwenye marahaba ya jumla pamoja na wakwe! Niliumia, na sikuona aibu kuumia. Saa ya chai nikampigia.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nilitaka tu kukuamkia."

Nyuma yake nilisikia mtu anasimulia jambo kwa sauti ya juu, halafu mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa baba, cha kutoka tumboni, mpaka akakohoa.

"Marahaba, mwanangu," akasema akihema. "Lakini nina mgeni." Akanikatia simu.

Nilibaki nimeishika sikioni, natabasamu peke yangu katikati ya uwanja wa shule.