Kisu Hakipokelewi Mkononi

Kwenye kuchagua panga la kambi sina huruma. Pale sokoni Mwanza nalishika, nalitikisa, na mpini ukicheza hata kidogo nalirudisha, muuzaji anune asinune. Shoka nilishaacha kubeba. Kuni za kupikia watu watatu, panga fupi linazimudu. Kisu nacho nataka chembamba, chenye ala, kisije kikatoboa begi na nguo zangu.

Safari ile nilichagua kwa makini zaidi, maana dada yangu alikuwa anakuja. Tulikuwa hatusemeshani tangu harusi ya kaka yetu. Kisa ni sare. Tulikubaliana kitenge cha kijani, yeye akaja na bluu, nami nikamwambia mbele za watu kwamba harusi yake iko ukumbi wa jirani. Akasusa. Mume wangu ndiye aliyemwalika kambini bila kuniuliza. Nilikasirika, kisha nikafurahi, kisha nikakasirika kwa sababu nimefurahi.

Kwenye kivuko cha Kamanga nilimwamkia, kwa kuwa ni mkubwa wangu. "Marahaba," akajibu, akiangalia maji. Basi, yakaishia hapo.

Tulipofika ufukweni na kusimamisha hema, alifungua begi lake akatoa muhoro, kile kisu kilichopinda cha kupogolea migomba kwetu Kagera. Pale palikuwa na mawe na vichaka, mgomba hata wa dawa hakuna. Nilitamani kucheka, lakini utachekaje na mtu msiyesemeshana?

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "mwambie mkeo muhoro unakata kila kitu."

"Mwambie dada yangu hatujaja kupalilia shamba."

Mume wangu akasema yeye si redio, akaenda kununua samaki kwa wavuvi.

Alirudi na sato watatu wanene. Dada akamshika mmoja, akaanza kumparua magamba kwa ule muhoro. Samaki akateleza mara ya kwanza, akateleza tena, mara ya tatu akaangukia mchangani. Nikachomoa kisu changu kwenye ala, nikakiweka juu ya jiwe mbele yake. Ndivyo tulivyolelewa: kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota, la sivyo mtagombana.

Dada alikitazama, hakukigusa.

"Unaogopa tutagombana?"

Kisha akaangua kicheko, kile kicheko chake cha kujishika mbavu, akaninyooshea mkono.

"Nipe hapa hapa mkononi, mdogo wangu. Ugomvi gani tena umebaki?"

Nikakiokota pale jiweni, nikampa. Akakipokea pamoja na vidole vyangu, akavishikilia kidogo kabla ya kuviachia. Nilikuwa nimemkumbuka mno dada yangu. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Moshi gani?" akauliza mume wangu, asiyejua kunyamaza. "Moto wenyewe hatujawasha."