Wodi Ambamo Hajafa Mtu

Watu husema hospitali mpya ni baraka. Na waseme. Mimi nilikuwa mfagiaji pale Nakuru miaka ya hamsini, wodi ya Waafrika ilipojengwa upya, na baraka yake naijua kuliko wao.

Wodi ya zamani ilikuwa banda la mabati. Wagonjwa walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni, na upepo wa ziwani uliingiza vumbi la magadi hadi ndani ya uji. Wazungu walikuwa na hospitali yao, safi, yenye maua. Basi serikali iliposema itatujengea wodi ya mawe, mtaa wetu mzima wa Bondeni ulishangilia, na baba yangu zaidi ya wote, maana alikuwa mwashi na alipata kazi pale. Alichonga mawe miezi mingi, akikohoa.

"Siku nikigonjeka," alituambia, "mimi nitalala kwa hiyo kona ya dirisha. Nimeijenga na mikono yangu."

Mama alimkemea kwa kujiitia ugonjwa.

Wodi ikaisha. Vitanda vikatandikwa shuka nyeupe, kisha mlango ukafungwa, eti tumngoje mkubwa wa serikali aje akate utepe. Mkubwa akaahirisha. Akaahirisha tena. Kazi yangu ikawa kufungua kila asubuhi, kupangusa vitanda visivyo na watu, na kufunga. Ng'ambo ya ua wagonjwa walilala chini. Sitajidai kwamba nililia. Siku zile za Emajensi, serikali ilipokuwa ikikamata watu wetu ovyo, mtu wa kwetu aliyekuwa na kazi alifunga mdomo.

Ndipo baba akaletwa na homa ya mapafu, akalazwa sakafuni kwenye banda. Alikuwa akiwaka moto na kuweweseka, lakini akili ikimrudia alisema jambo moja tu.

"Funguo si iko na wewe?"

Siku mbili nilijifanya sikusikia. Jumamosi nikafungua, nikamlaza kwenye kona yake. Dresa, yaani msaidizi wa daktari aliyekuwa akimdunga sindano, mtu wa Nyanza, alituona akageuza uso.

"Mimi sijaona kitu," alisema, na akaendelea kumdunga pale pale.

Jumapili mchana dresa alikwenda kula. Mama na baba mdogo walipokuja kumtazama mgonjwa, walimkuta amelowa jasho, mikono baridi, macho nusu wazi, anapumua polepole. Ukimwita haitiki. Baada ya siku zote zile za moto, alikuwa ametulia tuli.

Kwetu mtu hafii ndani ya nyumba. Akikaribia, hutolewa nje, kwa sababu nyumba iliyofiwa ndani haikaliwi tena. Mama hakulia. Alitazama kuta, akatazama vitanda.

"Akifia hapa, nani wa watu wetu atakubali kulala hapa? Atakuwa amejenga bure. Mtoeni."

Nilikubali haraka. Mila niliijali, ndiyo, lakini nilijali zaidi maiti itakayokutwa kwenye shuka za mkubwa, na kazi yangu. Baba mdogo alishika mabega, mimi nikashika miguu. Tulimlaza nyuma ya wodi, juu ya nyasi. Blanketi lilikuwa la hospitali, kwa hiyo nikamvua, nikalirudisha kitandani na kulinyoosha vizuri.

Mvua ya kutoka mlima Menengai ikaanza. Baba akafumbua macho.

"Baridi," alisema.

"Ni kifo hicho," mama alisema. "Kifo kina baridi."

Akasema tena, mara mbili au tatu. Tulikaa kando yake kwa heshima, tukimwombea. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotazamia, na nakumbuka nilikasirika kwamba ananichelewesha. Alipokwisha, mama na baba mdogo walikwenda kutafuta ruhusa ya kuzika, nikabaki na maiti. Dresa akarudi.

"Nani ametoa huyu mzee?"

Nikamwambia ni sisi, kwamba alikuwa anakufa, alikuwa amepoa mwili mzima.

Dresa alichutama, akamshika shingo, akaiacha.

"Homa ilikuwa imevunjika," alisema. "Jasho ndiyo dalili ya kupona. Alikuwa amelala tu. Alikuwa amechoka."

Mkubwa alikuja, utepe ukakatwa. Wanawake wa kwetu, ambao zamani hukuweza kuwavuta hospitalini hata kwa kamba, walileta watoto wao bila hofu, kwa sababu habari ilienea kwamba ile wodi ni safi, fundi wake alitolewa nje kwa wakati. Watoto wengi walipona mle. Sikatai.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila wageni walipokuja alinisimamisha mbele yao na kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyeshika miguu, kwamba baba yangu alikufa vizuri kwa sababu yangu. Kisha alinigeukia ili nithibitishe. Nami nilithibitisha.