Kigelegele cha Shangazi Manka

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizowahi kupiga tarumbeta mbele za watu, wala si kwa sababu nilikosea. Nilipiga vizuri sana siku ile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ilikuwa miaka michache baada ya elfu mbili, mimi kijana wa miaka ishirini na sita, hapa hapa Toronto. Nilikuwa nakaa Etobicoke, ghorofa ya kumi na nne, kwa Shangazi Manka, dada yake baba yangu. Yeye ndiye aliyenileta nchi hii. Alinipa chumba chake, mwenyewe akalala sebuleni miaka mitatu. Alifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, shifti ya alfajiri, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ukimkuta nyumbani ungedhani hajui uchovu ni nini, maana alikuwa anaimba hata akimenya ndizi.

Wewe unanijua kama mjomba mwenye mvi anayepiga tarumbeta kanisani siku za sikukuu. Hukuniona enzi zangu. Nilijifunza Moshi, kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu, na matarumbeta yenyewe yalikuwa makuukuu, yaliachwa na wamisionari, vitufe vimekwama kwa kutu. Tukazoea kuitafuta sauti kwa midomo na pumzi tu. Nilidhani ni umaskini. Nilipofika huku nikakuta kuna watu wazima, wasomi kabisa, wanaofanya hivyo kwa makusudi! Walikuwa na kikundi cha kupiga muziki wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita, na walitaka usikike kama ulivyosikika wakati ule. Kwa hiyo fidla zao zilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo, kinanda chao kilidonoa nyuzi badala ya kuzigonga, na matarumbeta yao yalikuwa mabomba marefu yasiyo na kitufe hata kimoja. Kiongozi wao, mama wa Kizungu wa miaka sabini hivi aliyeitwa Helena, alinisikia nikipiga kanisani akaniuliza nimefundishwa wapi. Nikamweleza habari ya kutu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa tarumbeta na nafasi.

Nikajiona nimefika. Kichwa kikavimba. Nikanunua viatu vyeusi vya kung'aa, nikaanza kuongea Kiingereza cha puani, nikajifunza lini mtu anaruhusiwa kukohoa. Maana kwenye maonyesho yale watu hukaa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani. Muziki una vipande vitatu au vinne, na kimoja kikiisha hakuna kupiga makofi mpaka vyote viishe. Anayepiga mapema hutazamwa kwa jicho la huruma. Nilikuwa naliogopa jicho lile kuliko kitu chochote.

Basi Shangazi akaomba kuja kunisikiliza. Sikumwalika, aliomba mwenyewe. Akabadilishana shifti na mwenzake, na Jumapili ile mchana akaja na kitenge chake cha umoja wa wanawake, koti la baridi juu, akaketi safu ya pili. Habari za makofi sikumwambia. Niliona kama kumweleza ni kukiri kwamba yeye ni mshamba, na mshamba huyo ni wa kwetu. Nikajipa moyo kwamba atawaangalia wenzake.

Mwishoni mwa kipande cha kwanza, tarumbeta linabeba wimbo peke yake juu ya fidla zote. Na wimbo wenyewe ulikuwa ule ule uliomo katika kitabu chetu cha nyimbo za kanisa, tuliokuwa tukiupiga makaburini alfajiri ya Pasaka. Shangazi aliutambua kabla sijafika mstari wa pili. Nilimwona midomo inatembea na machozi yanamtoka. Nilipomaliza, katika ule ukimya, akasimama akapiga kigelegele. Si kile kidogo cha adabu. Kile cha harusi ya mtoto wa kwanza.

Ukumbi mzima uligeuka. Mtu mmoja akacheka. Mimi nikainamisha uso nikajifanya natoa mate kwenye tarumbeta, na nikaendelea kuyatoa mpaka akaketi.

Wakati wa mapumziko nilisimama kwenye korido ya nyuma na mpiga fidla mmoja wa rika langu, Denis.

"Yule mama ni nani?" akaniuliza. "Alikuwa anakutazama wewe."

"Simjui," nikasema. "Labda ametoka tu mtaani akaingia."

Hakuna aliyenilazimisha. Denis akatazama nyuma ya bega langu, nami nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, kwa sababu alijua midomo yangu hukauka nikipiga. Kiingereza cha ghalani kilimtosha kabisa kunielewa. Aliiweka chupa chini taratibu, akaondoka.

Nilitaka kumfuata. Sikumfuata. Helena alitokea mbio, uso umejaa furaha.

"Yuko wapi aliyepiga ile sauti?" aliuliza. "Miaka thelathini nahangaika na nyuzi za zamani na mbao za zamani, lakini wasikilizaji wa zamani sijawapata. Watu wa wakati ule hawakukaa kimya! Walipiga kelele palipowapendeza, wakadai kipande kirudiwe. Leo nimempata mmoja. Mnamjua?"

Denis akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ukishasema humjui mtu, mwanangu, kurudi kusema unamjua kunataka ujasiri, na mimi sikuwa nao. Kengele ikalia, tukarudi kupiga. Nilipiga kipindi cha pili bila kosa hata moja, mbele ya kiti kitupu.

Jioni nilipofika nyumbani, ufunguo uligeuka lakini mlango ulikuwa na mnyororo kwa ndani. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Mimi nani? Humu tunaishi watu tunaojuana."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Jirani akapita na mifuko yake ya sokoni, akaniona nimesimama kama mdaiwa.

"Jitambulishe," akasema Shangazi.

"Mimi ni Elia."

"Elia wa nani?"

"Wa kaka yako, Anaeli."

"Na mimi ni nani?"

Nikasema, "Wewe ni Shangazi Manka. Uliyenipa chumba chako."

Akatoa mnyororo. "Umeona?" akasema. "Ni maneno machache tu. Mchana yangekupunguzia nini?"

Nililia, sioni haya kukuambia. Akanipakulia chakula, nikala, na kesi akaifunga hapo hapo. Hakuitaja tena mpaka alipofariki. Siku ya mazoezi niliwaambia wote, Helena na Denis wakiwepo, kwamba yule ni shangazi yangu na kwamba nilimkana. Helena hakunikaripia. Alinituma tu nimwombe arudi, akae safu ya kwanza, apige kigelegele popote atakapo.

Shangazi alirudi, na alikuja miaka mingi. Lakini aliketi safu ya mwisho karibu na mlango, mikono mapajani, na kipande kikiisha alitazama kwanza wenzake wanafanya nini. Nikipiga wimbo ule, nilikuwa nauacha ukimya wa mwisho urefuke kidogo, nikimsubiri. Alinisamehe kwa moyo wote, hilo najua. Ila kigelegele hakukipiga tena humo ndani, hata siku Helena alipostaafu akamwomba mbele za watu. Alitabasamu tu, akatikisa kichwa.

Nakusimulia haya kwa sababu Ijumaa nilikusikia. Ulimwambia mama yako akusubiri garini siku ya onyesho lako la shule, kwa kuwa anacheka kwa sauti na anachanganya Kiswahili mbele ya wenzako. Alikubali. Kisha akaja kwangu akasema siku hiyo ana kazi. Hana kazi yoyote.

Nakuambia waziwazi, usije ukasema mjomba anazunguka. Mtu wako akikuonesha upendo mbele za watu kwa namna inayokutia haya, nenda usimame karibu naye kabla hujaulizwa. Ukiulizwa, sema ni wako, na jina lake ulitaje. Ukimkana atakusamehe, hilo usiwe na shaka. Lakini furaha atakayoinyamazisha ili wewe usione haya, hiyo huwezi kumwomba airudishe, nami nimeisubiri miaka. Mpigie mama yako leo. Mwambie aingie, akae mbele, acheke anavyocheka.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe pumzi ndefu na mikono mizuri ya kazi, na popote utakaposimama akuwekee watu wa kukushangilia kwa sauti, nawe akupe uso wa kuwatazama.