Duara Jeupe la Jicho

Kila Julai, baridi inapowashusha bata bukini mwitu kwenye ngano yetu huku kusini mwa Buenos Aires, mwalimu mmoja mstaafu hulala kifudifudi juu ya umande ulioganda, kamera shavuni, kibuyu cha chai chungu ubavuni. Bukini wekundu wamebaki wachache mno, na huchanganyika na majike wa bukini wa kawaida wanaofanana nao kwa kila kitu, isipokuwa duara jeupe linalozunguka jicho la wekundu tu. "Wa kawaida. Huyu naye wa kawaida," hunong'ona, kidole gumba kikifuta picha moja baada ya nyingine. Huu ni mwaka wake wa sita wa kumtafuta mwekundu.

Jana jirani yetu Evaristo alisimamisha gari, akashuka na bunduki begani na gunia mkononi, meno yote nje. "Mwalimu, si ulilalamika kwamba kwa mbali jicho halionekani? Haya, mwangalie mpaka uchoke!" Mwalimu alimtoa ndege aliyekufa guniani. Alivua glavu, akapangusa damu kichwani mwa ndege kwa kidole gumba kilekile. Duara lilikuwa jeupe pe.

"Ndiye?"

"Ndiye." Mwalimu akainua kamera, akaishusha. "Alikuwa peke yake?"

"Wapi! Mwenzake aligoma kumwacha, akabaki anamzunguka tu. Yumo garini. Nimekuletea wote wawili."