Migomba Chini ya Njia

Mwezi uliopita Mhindi mmoja mwenye duka la nguo hapa mjini Morogoro alinipa kazi ya kumtengenezea njia kutoka barazani kwake hadi kisimani. Hatua arobaini tu. Siku ya sita akatoka, mikono kiunoni, akatukuta bado tunapiga udongo.

"Fundi, mawe yangu yamelala pale tangu Ijumaa. Utayapanga lini?"

"Ardhi ikishiba, tajiri."

"Kumbe na ardhi nayo inakula kwangu! Nilidhani ni nyinyi tu."

Vibarua wakacheka, nami nikacheka. Sikumweleza kwa nini sipangi jiwe kabla ya wakati wake. Sijamweleza mtu. Kwenye ukoo wetu wengi wanajua nusu ya habari, na ile nusu nyingine ninayo mimi, nami najongea uzee. Shule nilisoma miezi michache tu, shule ya serikali ya Mdachi, nikatoroka kwa ajili ya kiboko. Atakayesoma hapa avumilie mwandiko. Majina siyaandiki kwa kuwa watoto wa watu wapo. Lakini wenye makosa nitawataja kwa vyeo vyao, na wanaojua watajua.

Wa kwanza ni yule bwana, Mdachi wa bomani. Alijijengea nyumba juu ya Bigwa, pale mlima unapoacha mchezo na kuanza kupanda kweli. Nyumba haikumtosha. Akataka na bustani mbele yake, ngazi tatu za ardhi iliyo sawa kama meza, na ukingoni mwa ngazi ya chini ipite njia ya mawe, pana kiasi cha mtu na mkewe kutembea bega kwa bega. Mahali penyewe ni mteremko ambao hata mbuzi hujishauri kwanza. Palikuwa na shamba la migomba la watu. Likafyekwa, magogo ya migomba yakarundikwa pembeni, na mwenye shamba hakuulizwa.

Chini kabisa ya mteremko huo, karibu na kijito, ilikuwapo nyumba ya mjomba wangu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakuzaa, lakini mjomba ndiye mwenye wewe, na akifa, shamba lake na hata jina lake unavipokea wewe mpwa. Mjomba wangu aliishi pale na mkewe tu. Kijana yeyote wa upande ule alimjua kwa kazi moja: mifereji ya maji. Alikuwa na mwanzi mrefu uliopasuliwa katikati, ameziba ncha zake kwa nta ya nyuki. Aliulaza chini, akautia maji, akapiga goti na kuangalia maji yamesimamaje. Kwa mwanzi huo alizungusha mfereji mlimani mwendo wa nusu siku, na maji yakatembea bila kukimbia wala kulala.

Bwana alikuwa na chombo chake cha kioo. Siku moja alimkuta mjomba amelaza mwanzi palepale alipopima yeye. Akacheka, akapima tena. Alipoona vinasema neno moja, akaacha kucheka, akaamuru mwanzi utumike. Mjomba alikuwa mtu mzima, hakukijua Kiswahili vizuri, basi mimi nikawekwa kuwa msimamizi wa watu ishirini waliokuwa wakilipa kodi kwa jasho. Nilikuwa kijana. Nilipewa kofia.

Kazi ile ina siri moja, na mjomba alinifundisha siku ya kwanza. Ukikata mteremko ili upate mahali sawa, nusu ya nyuma unasimama juu ya mlima wenyewe, na nusu ya mbele unasimama juu ya udongo ulioumwaga wewe. Kwa macho zote ni sawa. Mwanzi nao utasema zote ni sawa. Lakini moja imewekwa na Mungu, na nyingine umeiweka wewe.

Kwa hiyo nusu ya mbele haina haraka. Kwanza unaondoa udongo mweusi wote, mizizi na majani, hadi ufikie ule mwekundu. Halafu unakata vidaraja ili kifusi kipate pa kushika. Unamwaga udongo kimo cha kiganja, unanyunyiza maji kidogo, unapiga kwa gogo hadi mikono ife ganzi. Ndipo kiganja kingine.

"Na utajuaje imetosha?" nilimwuliza.

Mjomba akapiga kisigino chini. "Sikiliza, mpwa wangu. Iliyoshiba inakujibu kwa ufupi: ti. Yenye njaa inavuta maneno: buuu. Usiweke jiwe juu ya ardhi yenye njaa. Itakula jiwe, itakula na mwenye jiwe."

Tukamaliza ngazi ya juu. Tukamaliza ya katikati. Ya chini, yenye njia, ilikuwa pana kuliko zote, na ukingo wake wa mbele ulikuwa na shimo la kujazwa linalozidi kimo cha mtu. Kifusi kilipokuwa kimefika magotini, akida akaja.

Akida ndiye mkosaji wa pili. Mtu wa pwani, amewekwa na Wadachi kututawala, kanzu nyeupe, mwavuli umeshikwa na mtu mwingine. Akasimama juu yetu.

"Wee msimamizi! Hiki ni kitanda cha mchicha au ni njia?"

"Tunashindilia, bwana akida."

"Mnashindilia tangu mwezi uliopita! Siku saba. Siku ya nane ni sikukuu ya mfalme wao, mabwana watakuja na wake zao kutembea hapa. Njia isipokwisha, wa kwanza kwenye mizigo ya bara ni wewe. Na kofia hiyo utaniachia, kuna kijana wangu inamfaa kichwani."

Watu walicheka kwa hofu. Mimi sikucheka. Kaka yangu alikwenda bara na mizigo, na hatukuletewa hata kitambaa chake.

Hapa ndipo huwa ninasema: akida akaamuru tutie migomba. Nimesema hivyo miaka yote, kwa ndugu, kwa mke wangu, kwa wanangu. Akida hakuamuru. Akida alisema "maliza", akafunguliwa mwavuli, akaenda zake. Aliyeyatazama yale magogo ya migomba yaliyorundikwa ni mimi.

Wala sikuona ni uovu. Kwetu mlimani, na huko Mgeta zaidi, mkulima akitengeneza ngazi za maharage hulaza majani na magugu chini, akayafukia. Yanaoza, udongo unanona, maharage yanakubali. Nimefanya hivyo tangu utotoni na mama yangu. Nikajiambia, kufukia ni kufukia. Mtu wa nchi nyingine asingefanya kosa lile, kwa sababu kwao hawafukii majani. Lakini maharage hayahitaji ardhi isimame. Njia inahitaji. Hilo nililijua, nikalisukuma nyuma ya kichwa.

Tulilaza migomba mibichi, tabaka juu ya tabaka, na nyasi katikati. Shimo likajaa kwa siku mbili. Juu yake tukatia udongo mwekundu viganja viwili, tukaupiga vizuri, mchanga, halafu mawe. Watu wa kazi walifurahi. Mmoja akasema, "Msimamizi ana akili ya Kizungu." Nikafurahi pia.

Mjomba alikuwa na homa siku hizo, hakupanda. Siku ya saba asubuhi akaja na mwanzi wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Akalaza mwanzi, akatia maji. Maji yakatulia kabisa. Akasimama. Akatembea hadi ukingoni, akapiga kisigino mara moja. Aliposikia, akapiga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Mpwa wangu, umejaza nini humu?"

Watu ishirini walikuwa wanatusikiliza. Kule juu, akida alikuwa amesimama na bwana, wanaonyeshana mahali pa kuweka meza.

"Udongo, mjomba."

Akanitazama. Halafu akatazama paa la nyumba yake, ambalo ukiwa pale ukingoni unaliona chini ya vidole vyako vya miguu.

"Haya," akasema. "Kama ni udongo."

Akamwaga maji, akabeba mwanzi wake, akashuka. Sikukuu ikapita. Mabwana walitembea na wake zao, tarumbeta zikapigwa, hakuna jiwe lililotikisika. Bwana alinipa barua yenye mhuri kwamba nisibebeshwe mizigo. Nikaikunja, nikaishonea mfuko.

Wiki ile ile nikasikia mkaza mjomba amekwenda Mgeta kwa dada zake. Nikadhani amekwenda kutembea.

Masika yakafika. Kwanza njia ilibonyea katikati kama sahani, maji yakakaa. Nikasema nitaongeza mchanga, nikaongeza. Ikabonyea tena, na mawe yakaanza kuinamia nje. Usiku nikilala nilikuwa nikihesabu: migomba inaoza kwa miezi mingapi? Nilikuwa na njia moja tu ya haki, kushuka kwa mjomba na kumwambia hama. Hadi kwake hatua mia mbili hazifiki. Kila siku nilisema kesho, kwa sababu kumwambia hama ni kumwambia nilikudanganya, na akishahama, akida atauliza kwa nini, na barua yangu itakuwa karatasi ya kufungia tumbaku.

Ilitokea alasiri, mvua imeshika tangu adhuhuri. Nilikuwa juu ya njia nafagia maji kwa ufagio wa chelewa. Sikusikia kishindo. Nilihisi tu ardhi inavuta pumzi, kisha ukingo wote ukaondoka na mimi juu yake. Nilishuka nao nimezama hadi kiunoni, mawe yakanivunja mguu huu, nao haukunyooka tena. Uliponiacha nilikuwa juu ya paa la mjomba. Nasema juu ya paa, kwa sababu paa lilikuwa sawa na ardhi.

Walimfukua kesho yake. Pamoja naye walifukua magogo ya migomba, meusi, yananuka kama pombe iliyochacha, na kila aliyeshika jembe aliyaona.

Bwana alisema ni mvua. Akida alisema ni kazi ya Mungu, lakini kwa kuwa mtu lazima apatikane, akawataja wanne kuwa ni wavivu, wakachapwa viboko bomani. Wale wanne walipiga udongo vizuri kuliko wote. Mimi nilikuwa nimelala na mguu wangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujitaja.

Kwenye mazishi walinibeba kwa kitanda. Watani wetu Wazigua walikuwa wamefika, na mtani msibani hazuiwi neno lolote, na unayeambiwa ni mwiko kukasirika. Bibi mmoja wa Kizigua akachukua gogo la mgomba, akalilaza karibu na kaburi, akapanda juu yake huku anayumba kama mlevi.

"Njooni mpite njia ya Mluguru! Laini! Ikiiva mnakula!" Halafu akageukia wachimba kaburi. "Nyie, nani anashindilia hapa? Msimpe huyu wa kitandani! Akishindilia yeye, marehemu wetu arobaini yake tutaisomea huko bondeni Dakawa!"

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Nami nikacheka, ndiyo desturi. Nilicheka mjomba wangu akiwa hajafukiwa. Baada ya hapo hakuna mtu wa ukoo aliyenishitaki kwa lolote. Watani wamekwisha sema, na neno la mtani halirudiwi. Wakanipa shamba. Wakanipa jina lake.

Mwanzi nililetewa na mkaza mjomba mwenyewe, alipotoka eda. Akauweka mlangoni.

"Aliponiambia niende Mgeta," akasema, "nilimwambia twende wote. Akasema, nikihama mimi, akida atapanda kutazama kwa nini nimehama. Wewe nenda. Mke kutembea kwao hakuna anayeuliza."

Kwa hiyo sasa anayesoma anajua wakosaji wote. Bwana alitaka meza mlimani. Akida alitaka haraka. Wote wawili wameondoka na serikali yao, na ningewasubiri barabarani hadi leo kama ingefaa kitu. Lakini hakuna kati yao aliyeulizwa na mjomba wangu mbele ya watu ishirini umejaza nini.

Pale ilipokuwa nyumba yake sikujenga. Kila kiangazi nikimaliza kazi za watu, napeleka udongo mwekundu kikapu kwa kikapu, nautandaza kimo cha kiganja, nanyunyiza, napiga. Wapitao huniuliza kama naozesha mtoto, nataka uwanja wa ngoma. Nasema nasawazisha tu.

Kiangazi hiki mkaza mjomba alipita na fimbo yake. Amezeeka sana, anaongozwa na mjukuu wa dada yake. Nikaacha gogo, nikamwamkia, akaitika. Akasimama pale kati, akageuza uso kwangu ingawa haoni.

"Umejaza nini humu?"

"Udongo, mama."

Akainua fimbo akapiga chini, akainamisha sikio. Akasogea hatua moja, akapiga tena: ti. Alipiga hivyo hadi ukingoni, na mimi nilisimama namsubiri nikiwa nimeshika kofia mkononi, na alipofika mwisho akamwambia yule mtoto, "Twende," wakashika njia ya kijitoni.